Spidomita Ikidanganya, Usiniambie "Utazoea"

Haya basi, leo nina hasira kidogo. Mnivumilie.

Miezi michache iliyopita nilibadilisha difu ya pikapu yangu, gari kuukuu la miaka ya themanini linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Injini ilikuwa inalia mno barabara kuu, kwa hivyo nikatoa difu ya 4.11 nikaweka ya 3.70. Raha niliiona siku hiyo hiyo, injini imetulia kabisa. Nikamuuliza fundi, "Na spidomita je?" Akacheka. "Hiyo utazoea tu, bosi. Unaongeza kidogo kichwani."

Wiki iliyofuata nikasimamishwa na polisi wa kamera ya mwendo mahali ambapo mwisho ni 50. Mshale wangu ulikuwa kwenye 50, nina hakika maana nilikuwa nautazama. Kamera ikasema 55. Ningemwambia nini afande? Kwamba nilisahau kuongeza kichwani?

Hebu tupige hesabu. Difu ya 4.11 ina meno 37 kwenye krauni na 9 kwenye pinioni. Ile ya 3.70 ina 37 kwa 10. Kebo ya spidomita katika gari kama langu inatoka kwenye giaboksi, kabla ya difu. Yenyewe inahesabu mizunguko ya propela, haijui kitu kuhusu magurudumu. Zamani gurudumu likizunguka mara moja, propela ilizunguka mara 4.11. Sasa ni 3.70, yaani asilimia 90 ya zamani. Mshale ukisema 90, unaenda 100. Ukisema 80, unaenda karibu 89. Ukisema 50, ni 55 na zaidi.

Najua kuna mtu anasema, "Kilomita tano tu!" Ndugu yangu, umbali ambao gari hutumia kusimama baada ya kukanyaga breki hukua kwa mraba wa mwendo. 1.11 mara 1.11 ni 1.23. Unahitaji karibu robo zaidi ya barabara. Mbele ya lango la shule, hiyo robo ndiyo mtoto aliyevuka.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Nikiandika programu ya benki inayoonyesha pesa pungufu kwa asilimia kumi, kisha nimwambie mteja "utazoea, ongeza kichwani", nitafutwa kazi kabla ya chai ya saa nne. Kosa likiwa kwenye namba moja, unairekebisha hiyo namba mahali ilipo, mara moja. Huwapi watu wote mzigo wa kuikumbuka. Na gari halina dereva mmoja. Kaka yangu huliazima. Fundi huliendesha kulijaribu. Siku moja nitaliuza. Nani atawanong'oneza hao wote?

Tena si mshale peke yake. Odometa nayo inakula kebo hiyo hiyo. Ukitembea kilomita 10,000 inaandika 9,000. Oili unayodhani umeibadilisha kwa 5,000, umeibadilisha kwa zaidi ya 5,500. Na atakayenunua gari umemwibia kilomita bila hata kugusa kitu. Kwa matatu mambo ni mabaya zaidi. Tangu sheria za Michuki za 2004 tumeambiwa mwisho wa matatu ni 80. Kidhibiti mwendo kinachosoma mizunguko ya giaboksi kitaachilia 89 bila wasiwasi ikiwa difu imebadilishwa namna hii na hakuna aliyekipima upya.

Sasa nijibu wabishi. Wa kwanza husema spidomita za zamani zote hudanganya, kwa nini nihangaike? Ni kweli hazina usahihi wa saa. Ndani kuna sumaku inayozungushwa na kebo, kikombe cha alumini na springi nyembamba, mtindo ambao Mjerumani Otto Schulze aliusajili mwaka 1902. Lakini kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 inaruhusu spidomita ikosee upande mmoja tu: ionyeshe zaidi ya mwendo halisi, kamwe isionyeshe pungufu. Yangu ilikuwa inakosea upande uliokatazwa.

Wa pili husema, "Si nina simu yenye GPS?" Unayo wewe. Gari halina. Simu huchelewa ukiongeza mwendo, chaji huisha, na haiandiki chochote kwenye odometa. Itumie kupimia, halafu irudishe mfukoni.

Na kupima kuna utaratibu. Usianze na mshale, anza na odometa, kwa sababu odometa ni gia tupu, haina springi ya kuchoka. Nilienda kilomita 20 kwa GPS, odometa ikaandika 18. Hapo nikajua shida ni uwiano wa gia. Kama odometa ingekuwa sawa na mshale pekee unakosea, ingekuwa spidomita yenyewe ni mgonjwa, na kubadilisha gia kungeharibu kilicho kizima. Kagua pia tairi. Ukivaa kubwa kuliko za zamani, mshale unashuka zaidi.

Dawa iko pale kebo inapoingia giaboksi. Kuna gia ndogo inayozungusha kebo. Hesabu meno yake, zidisha kwa uwiano wa difu mpya, gawanya kwa wa zamani. Yangu ilikuwa na 20: mara 3.70, gawanya kwa 4.11, unapata 18. Siku ya tatu ya kuzunguka Kirinyaga Road nikaipata. Hakikisha inaingia sawasawa kwenye kishikilio chake, na weka sili mpya ya oili. Usipopata meno unayotaka, kuna kijisanduku cha gia kinachofungwa katikati ya kebo. Magari yanayotumia sensa badala ya kebo yana vifaa vya kurekebisha mapigo ya umeme.

Sasa GPS ikisema 80, mshale unasema 80 na unywele juu. Nilimwonyesha yule fundi. Akasema, "Kumbe inawezekana, bosi."

Inawezekana, fundi. Kazi ya difu haijaisha mpaka spidomita iseme kweli. Na wewe msomaji, ukiambiwa "utazoea", bakisha pesa ya mwisho mfukoni.