Barua Isiyoweza Kusubiri

Tarehe 5 Juni 2009, huko Hermosillo, Meksiko, moto ulioanzia katika ghala la serikali uliingia katika nyumba ya kulelea watoto iliyopakana nalo. Watoto 49 walikufa. Mlango wa dharura haukufaa kitu. Mtu mmoja aligonga ukuta kwa gari lake ili watoto wapate pa kutokea.

Wakubwa hutuambia: andikeni barua, ngojeni zamu ya ukaguzi. Barua juu ya bati linalovuja yaweza kungoja. Barua juu ya kufuli mlangoni, watoto wakiwa ndani, haipaswi kulala ofisini hata usiku mmoja. Wengine huuliza: kituo kikifungwa, mama mchuuzi atamwacha mtoto wapi? Swali ni la haki, ingawa mara nyingi waulizao hawana mtoto mle. Lakini kuondoa kufuli si kufunga kituo.

Meksiko ilitunga sheria ya vituo hivyo Oktoba 2011. Wazazi waliwasumbua watawala kama mjane wa Injili alivyomsumbua mwamuzi, ila wao walikuwa wamekwisha kuzika.

Kwetu Kongo ipo sheria ya kumlinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009. Basi ofisi itujibu: lalamiko likifika asubuhi, nani atakwenda kuutazama mlango kabla ya jioni?