Januari 2028 inakuja, bajeti iko wapi?

Makamanda, kwetu Makanyagio, Mpanda, mdogo wangu na mtoto wa jirani hawasomi darasa moja. Mwaka 2024 mdogo wangu alikuwa la tatu, mwenzake la nne. Lakini wote wanamaliza shule ya msingi 2027, na Januari 2028 wanaingia kidato cha kwanza pamoja.

Sio uchawi. Ni Sera ya Elimu, toleo la 2023. Elimu ya msingi inakuwa miaka 6, na elimu ya lazima miaka 10, hadi kidato cha nne. Wa mtaala mpya wanaishia la sita, wa zamani la saba. Madarasa mawili kwa mpigo, nchi nzima.

Sera yenyewe siipingi. Mtoto wa mfugaji kule Mpimbwe akifika kidato cha nne, nitashangilia. Ninachouliza ni hela.

Angalia ruzuku. Mwanafunzi wa msingi anatengewa shilingi 10,000 kwa mwaka, kiwango cha tangu enzi za MMEM iliyoanza 2002. Toa 4,000 za vitabu zinazobaki juu, shuleni zinafika 6,000. Shule ya watoto 1,000 inajiendesha kwa laki 5 kwa mwezi: chaki, mitihani, ukarabati, vyote humo. Ndiyo maana ada imefutwa lakini mama bado anadaiwa michango.

Watasema madarasa yamejengwa. Kweli, 2021 yalijengwa 15,000, ila kwa mkopo wa IMF wa UVIKO-19. Sasa tusubiri janga jingine?

Mahakamani nako pagumu. Ibara ya 11 ya Katiba inataja haki ya elimu, halafu Ibara ya 7(2) inazinyima mahakama nguvu ya kuisimamia. Bungeni, wabunge wakikataa bajeti, Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge. Mdogo wangu akikosa dawati, tutamshtaki nani?

Kwa hiyo tuanzie chini. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Twendeni, Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika, tukadai namba tatu kwa kila kata: watoto watakaomaliza 2027, madarasa yaliyopo, walimu waliopo. Tukizipata, tutajua pengo. Na pengo hilo lazima lionekane kwenye bajeti kabla ya 2028, sio baada ya watoto kukaa chini.