MJUSI WA TENDAGURU: NA WALIOMBEBA JE?

Wadau, mjadala wa mjusi wetu aliyeko Berlin ukiibuka tunaishia pale pale: arudishwe au abaki? Mimi nauliza, na waliombeba je? Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mifupa Tendaguru, Lindi, kwenye miamba ya miaka kama milioni 150. Waliochimba ni mamia ya wazee wetu, wakabeba zaidi ya tani 200 vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, siku kadhaa kwa miguu. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, kapewa heshima ya jina la dinosaria mwaka 2007, karibu karne nzima baadaye!

Akibaki, mgao wa viingilio uje Lindi. Akirudi, asiishie Dar, watu wa Tendaguru wakabaki kumwona gazetini. Mnasemaje?