AFYA NYUMBANI: Ugonjwa Unaofichwa Mezani

Katika makao ya askari, mtu akikonda, majirani hawachelewi kutoa hukumu. Huyu husema ni kifua kikuu, yule husema ni ukimwi, wa tatu husema mshahara hautoshi. Huenda mmoja wao amepata. Lakini yako maradhi mengine wasiyoyadhania: mtu ana chakula mbele yake, naye anaogopa kukila. Maradhi hayo ni ya akili, na yaweza kuua kwa kuusimamisha moyo.

Tabibu hatosheki na kutazama. Kwanza hupima kama kukonda kumeletwa na kifua kikuu, ukimwi, kisukari au minyoo. Kisha huchukua uzito kwa kilo na kuugawanya kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 41 hupata 16. Na kwa mtu mzima, chini ya 18.5 ni upungufu. Mwenye kujinyima hivyo huhisi baridi, huota vinyweleo laini mwilini, moyo wake hupiga polepole, na mwanamke aweza kukosa hedhi.

Hata hivyo mizani yaweza kudanganya. Mwaka 1979 Dakta Gerald Russell wa London alieleza juu ya wagonjwa walao kwa pupa, kisha wakajitapisha kwa siri. Wengi wa wagonjwa wa namna hii wana uzito wa kawaida. Tabibu huwachungua meno yaliyolika, mashavu yaliyovimba, na sugu juu ya vifundo vya vidole, palipokwaruzwa na meno. Hupima pia damu, kwani kutapika huondoa potasiamu, na bila hiyo moyo huenda ovyo.

Yako pia maswali matano yaliyochapishwa Uingereza mwaka 1999. Je, mtu hujitapisha kwa kujiona ameshiba mno? Je, ana wasiwasi kwamba hawezi tena kujizuia katika kula? Je, amepungua zaidi ya kilo 6 hivi kwa miezi 3? Je, hujiona mnene ilhali wenzake humwambia amekonda? Je, fikira za chakula zimeyatawala maisha yake? Majibu mawili ya ndiyo hayathibitishi ugonjwa, bali huonyesha kwamba hapana budi uchunguzi kamili ufanywe. Tabibu huuliza faraghani na kwa upole, kwani aulizwaye mbele ya baba au mume hujibu kwamba amekula, apate kuachwa. Huuliza pia habari za huzuni na mawazo ya kujiua.

Wengi hudhani mgonjwa ni mkaidi. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, vijana 36 wenye afya, waliokataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri zao, walijitolea kupunguziwa chakula kwa muda wa miezi 6 hivi. Wengi wao waliwaza chakula mchana kutwa, wakawa wepesi wa hasira, wakajitenga na wenzao. Njaa yenyewe huibadili akili, hata ya mtu aliyekuwa mzima.

Kwa hiyo yafaa mzazi au mume asimtukane mgonjwa wala asimlishe kwa fimbo. Bali aangalie: ni nani aendaye msalani kila mara baada ya chakula, ni nani awapikiaye wote naye asile, ni askari gani akimbiaye mbio za ziada hata akiwa na jeraha, kwa kuogopa kunenepa. Wanaume nao hupatwa. Aliyoyaona ayaandike pamoja na tarehe, kisha afuatane na mgonjwa mpaka zahanati. Nchini Uganda, hospitali kuu ya maradhi ya akili ni Butabika, Kampala. Lakini mgonjwa akizirai, akitapika damu, au moyo wake ukisitasita, apelekwe saa ile ile katika hospitali iliyo karibu.