Ngome Kongwe ni Amana, si Ukumbi Tu



Kila unapokaribia msimu wa shughuli katika Mji Mkongwe wa Unguja, mazungumzo ya barazani hurejea pale pale: je, inafaa Ngome Kongwe, jengo la karne nyingi linaloitazama bahari ya Forodhani, kuwa uwanja wa harusi, maonyesho na matamasha? Wapo wanaotaka milango yake ifungwe kabisa. Wapo pia wanaoona kwamba mwenye fedha akishalipa, basi na afanye atakalo. Sisi hatukubaliani na hao wala hawa.

Kwanza tuitazame historia. Ngome hiyo ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Tangu hapo haikuwa na kazi moja. Imekuwa kambi ya askari, imekuwa gereza, na katika karne ya 20 ilitumika kwa kazi za reli ya Bububu. Katika zama zetu, tamasha la filamu la ZIFF lililoanza mwaka 1998, na Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004, yamewakusanya ndani yake wageni wa nchi nyingi. Basi asemaye kwamba jengo hili halikuumbiwa mikusanyiko, historia yenyewe inamkanusha.

Zaidi ya hayo, jengo lisiloingiwa na watu hufa kimya kimya. Hapana anayeuona ufa, hapana anayeliziba paa linalovuja. Hatua chache tu kutoka hapo lipo Beit al-Ajaib, lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Matengenezo yalikuwa yamekwisha kuanza, lakini kuta hazikusubiri. Matengenezo yanataka fedha, na kodi ya shughuli ni mlango mmojawapo wa fedha hizo.

Lakini mlango huo una masharti yake. Majengo ya kale ya Mji Mkongwe yamesimama kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hupumua: huupokea unyevu na kuutoa. Kuta za namna hiyo si za kupigiliwa misumari ya mapambo, wala kufungiwa kamba za turubai, wala kuegemezewa majukwaa mazito. Mwenye harusi hukaa usiku mmoja akaondoka; tundu aliloliacha hubaki likinywa maji ya masika yote.

Kwa hiyo tunaona mambo matatu yanafaa kusisitizwa. La kwanza, kila mwenye kukodi aweke dhamana, na jengo likaguliwe kabla na baada ya shughuli, ili aliyeharibu atengeneze. La pili, haki ya jirani ichungwe. Mji Mkongwe si jangwa. Nyuma ya kuta hizo wamelala wazee, wagonjwa na watoto wa shule, na misikiti iko karibu. Vipaza sauti vinyamaze wakati wa adhana na sala, na usiku uwe na mpaka unaojulikana. La tatu, mapato yatangazwe kwa wananchi: kiasi gani kimeingia, na kiasi gani kimerudi katika mawe na chokaa. Fedha inayotokana na jengo ikiishia kwingine wakati jengo linabomoka, huko si kulitumia bali ni kulila.

Haitakuwa insafu, hata hivyo, tuwanyooshee wengine kidole na kujisahau. Ni sisi wenyewe, kwa nia njema kabisa, tunaochangishana fedha na kuupaka msikiti wa kale saruji, tukidhani tumeuimarisha. Saruji haipumui, unyevu hufungiwa ndani, na ukuta huoza huku sura yake iking'aa. Ni sisi pia tunaotoka katika walima Forodhani tukaacha chupa na mabaki ya chakula katika bustani iliyokarabatiwa mwaka 2009 kwa gharama kubwa. Kabla ya kumuuliza mgeni adabu yake, na tuulizane yetu.

Tunazishauri kamati za misikiti ziwatafute mafundi wachache waliobaki wanaojua kazi ya chokaa, ziwape vijana wetu wajifunze kwao, kisha ndipo zipeleke rai zao kwa wenye mamlaka. Atakayesema huku mkono wake una chokaa atasikilizwa zaidi kuliko atakayelalamika barazani.

Waliojenga walituachia, nasi tutawaachia wengine. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuilinda amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.