Siku ya chanjo, muulizeni na mama

Mtoto akitimiza wiki 6, mama anampeleka kliniki bila kusukumwa na mtu. Anajua kuna sindano, kuna matone mdomoni, kuna mzani ambao mtoto ataning'inizwa akilia. Atarudi wiki ya 10, atarudi wiki ya 14, atarudi miezi 9 kwa surua. Sioni huduma nyingine ya afya nchini inayowakusanya waliojifungua karibuni kwa wingi kiasi hicho. Wako pale kwenye benchi asubuhi nzima, wanasubiri kuitwa. Wakiitwa wanaulizwa: mtoto ananyonya? Anaharisha? Anachemka? Kisha wanaandikiwa tarehe ya kurudi.

Nataka waulizwe jambo moja zaidi. Mama, mkojo unakutoka bila kutaka?

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina watoto watatu. Kabla sijazaa nilikuwa nafundisha netiboli, timu ya wasichana inayojiandaa kwa mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa mkubwa, nikachanika msamba, nikashonwa. Likizo ya siku 84 ilipokwisha nikarudi kazini. Siku ya kwanza ya mazoezi niliruka kumwonyesha binti mmoja namna ya kudaka mpira wa juu, na nilipotua mkojo ulikuwa umenifika pajani. Nilimwambia mwalimu mkuu kwamba mgongo unanisumbua, timu ikapewa mwenzangu.

Baada ya hapo nilijifunza kupanga maisha kuizunguka aibu hiyo. Chafya ikinijia nashika ukuta kwanza. Nikihisi kicheko kinakuja ofisini kwa walimu natafuta sababu ya kutoka. Nikawa navaa baibui jeusi tu, na ndani kipande cha kanga kilichokunjwa mara nne, kwa kuwa pedi za kila siku mshahara wa mwalimu hauzibebi. Kilichoniuma zaidi ni sala. Nikiinama kusujudu natokwa tone, udhu umekatika, natoka kwenye safu naenda kutawadha upya. Mwezi wa Ramadhani niliacha kwenda tarawehe msikitini, nikasali nyumbani peke yangu, na wifi zangu wakadhani nimekuwa mvivu wa ibada.

Mama mkwe wangu alinikanda maji ya moto arobaini nzima, akanipikia uji wa pilipili manga, akanifunga tumbo kwa mkaja, na kwa hayo namshukuru hadi leo. Nilipopata ujasiri nikamwambia, "Mama, mkojo unanitoka." Akanijibu kwa upole, "Ndio uzazi huo mwanangu, sote tumepita huko."

Alisema kweli kwamba wengi wamepita. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 anavuja mkojo baada ya kujifungua, na wapo, hadi 1 kati ya 10, wanaoshindwa kuzuia choo kikubwa au upepo. Lakini wingi wa wagonjwa haujawahi kuwa sababu ya kuacha kutibu. Malaria nayo tumeugua sote.

Chini ya nyonga kuna misuli iliyotanda kutoka mfupa wa kinena, mbele, hadi kifandugu, nyuma. Imebeba kibofu, kizazi na utumbo mpana jinsi mbeleko inavyobeba mtoto. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walikokotoa kwa kompyuta kinachoipata misuli hiyo kichwa cha mtoto kinapopita, wakakuta sehemu yake moja huvutika hadi zaidi ya mara 3 ya urefu wake wa kawaida. Hakuna msuli mwingine wa mwili tunaoudai hivyo kisha tusiupe hata wiki moja ya uangalizi. Hata aliyepasuliwa hayuko salama kabisa, kwa sababu miezi 9 ya kubeba mimba ni mzigo tosha, ingawa kwake hatari inapungua.

Mahali pekee ambapo sehemu hii ya mwili inazungumzwa kwa sauti ni sokoni. Kina dada wanauziana shabu na vidonge vya mitishamba vya "kurudisha usichana", na mama aliyezaa juzi anaambiwa ajiwekee ili mume asitoke nje. Ninalipinga hili kwa nguvu zangu zote. Shabu inakausha na kuchubua ngozi laini ya ndani, haifiki kwenye msuli uliolegea, na inamwacha mwanamke na kidonda mahali ambapo kovu la nyuzi bado halijapona. Kungwi wangu, Mungu amrehemu, alinifundisha kubana na kuachia tangu nikiwa mwali. Ujuzi ule ulikuwa sahihi. Alinipa sababu moja tu, starehe ya mume, na kwa hiyo nilipozaa sikufikiri hata mara moja kwamba ungenifaa mimi mwenyewe, kwenye kiwanja cha netiboli na juu ya mswala.

Aliyeniokoa ni mkunga mmoja, baada ya mtoto wa pili. Alikuwa akiangalia nyuzi zangu, akauliza bila kuniangalia usoni kama mkojo unanitoka. Nililia pale pale kitandani. Akaniandikia barua ya kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, mama mtu mzima mwenye subira, ambaye alianza kwa kunieleza kwamba mazoezi ya kubana na kuachia yaliandikwa na daktari wa wanawake wa Marekani, Arnold Kegel, mwaka 1948. Umri wa bibi yangu! Nilikasirika kwamba yalikuwa duniani muda wote huo, na mimi nilikuwa nakunja vipande vya kanga.

Alinilaza chali, magoti juu. Akaniambia nikaze kama mtu anayezuia upepo na mkojo kwa pamoja, nivute kwenda juu, makalio na mapaja yakae kimya, pumzi isifungwe. Shikilia kadiri unavyoweza, ukizoea ufike sekunde 10, kisha achia kabisa, maana kuachia nako ni nusu ya kazi. Mara 8 au 10, asubuhi, mchana na usiku, kwa miezi isiyopungua mitatu. Akanikataza kuugeuza mkojo wenyewe kuwa zoezi, yaani kuukatiza chooni kila siku. Akanifundisha pia kukaza kabla ya chafya, kabla ya kikohozi, kabla ya kunyanyua ndoo. Hili la mwisho nililiona likifanya kazi mapema kuliko yote. Mengine yalikuja polepole, na kuna wiki nilitaka kuacha.

Lakini kukaza si dawa ya kila mtu. Mwenye maumivu makali ya tendo la ndoa huenda misuli yake imejikaza kupita kiasi, naye anahitaji kufundishwa kuilegeza. Anayehisi uzito unashuka jioni, au anagusa kitu kama donge ukeni, huenda kizazi kinashuka, na kwa huyo kuna mazoezi, kuna pete maalumu ya kukishikilia, kuna upasuaji. Na yule ambaye mkojo au kinyesi kinamtiririka ukeni mchana na usiku, hasa aliyekaa na uchungu muda mrefu, aende hospitali haraka. Hiyo huenda ni fistula. Inatibika kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam inautoa bila malipo.

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2022 kuhusu huduma baada ya kujifungua, linataka mama aulizwe kuhusu mkojo, choo na kidonda cha msamba kila anapoonwa. Ufaransa wamekwenda mbali zaidi, mama anapata kwa kawaida vipindi 10 vya kurudisha misuli ya nyonga, na bima ya taifa inalipa. Siidai wizara vipindi 10 kesho; nadai swali lile moja na somo fupi la mazoezi.

Najua jibu nitakalopewa. Wauguzi ni wachache, foleni ni ndefu, na wataalamu wa fiziotherapia wengi wako kwenye hospitali kubwa za mijini. Yote ni kweli, nami nimekaa kwenye foleni hizo. Lakini maelezo niliyopewa mimi yanachukua dakika tano, na yanaweza kutolewa kwa benchi zima kabla ya mzani kuanza, kama tunavyopewa somo la kunyonyesha. Muuguzi akishatoa somo, amuulize kila mmoja kwa siri anapomfikia. Wengi watahitaji zoezi tu. Wachache watahitaji barua ya rufaa, na hao ndio ambao leo wanarudi nyumbani na kadi ya mtoto iliyojazwa vizuri na siri yao tumboni.

Waume nao waitwe wasikie. Arobaini ikiisha, mke anarudishiwa ndoo ya lita 20 kichwani siku hiyo hiyo, msamba haujapona na misuli haijarudi. Maji ya miezi ile mitatu ya mazoezi, mume ayachote yeye, au amlipe mwenye mkokoteni.

Somo hili halihitaji mashine, dawa wala jengo jipya. Waganga wakuu wa wilaya hawana haja ya kusubiri waraka kutoka Dodoma ili kuwaambia wauguzi wao waanze Jumatatu.