Sarafu Moja, Maradhi Mbalimbali

Mkataba wa sarafu moja ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Kampala mwaka 2013, na sasa tunaambiwa tuingoje hadi 2031. Hatuupingi. Ila sisi wenye mibuni hapa Kanja tumeyasoma ya wenzetu. Ugiriki na Ireland zilitumia yuro ileile, lakini hazikuugua ugonjwa mmoja: Ugiriki, serikali ilificha nakisi, Ireland, benki ziliwakopesha wajenzi ovyo, kisha raia wakatwikwa deni. Zote zikanyweshwa dawa moja, kubana matumizi. Kwetu, dhahabu hewa ya Goldenberg ilichota hazina, na shilingi ikaporomoka mwaka 1993. Basi kabla ya kuunganisha sarafu, kila serikali na iweke hesabu zake mezani, zikaguliwe hadharani na Bunge lake.